Mnunuzi wa Daraja E

Bodi ya Mienendo ya Wanunuzi ya Handeni na Korogwe inayo heshima kuutangazia umma kwamba sasa kila mwananchi anajulikana. Zamani mtu aliweza kuingia dukani, akanunua sabuni, akaondoka zake, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyejua sabuni ile ni ya nani, ya kufulia nini, na kwa nini siku ile. Aibu hiyo imekwisha. Naandika haya mimi, Simeo Shemweta, Katibu wa Bodi, mtunza muhuri, na mtunza ufunguo wa kabati la muhuri.

Kazi yetu ilianzia Duka Kuu la Fadhila, lenye matawi mawili, moja Manundu, mjini Korogwe, na jingine Handeni mjini. Mwenye duka ni Mheshimiwa Gerald Semboja, ambaye pia ndiye Mwenyekiti wa Bodi inayosimamia maduka. Wapo watu wenye roho ya korosho waliouliza kama hapo hakuna mgongano wa maslahi. Tuliwajibu kwa barua kwamba ili pawe na mgongano lazima wawepo watu wawili, na Mheshimiwa ni mmoja.

Kila mteja alipewa Kadi ya Mnunuzi Mwema. Mwenye kadi aliuziwa kwa bei ya kawaida. Asiye nayo aliuziwa kwa bei ya mgeni, hata kama amezaliwa nyuma ya duka na kitovu chake kimezikwa hapo. Kwa utaratibu huo watu walijiandikisha kwa hiari yao wenyewe. Fomu iliuliza jina, kijiji, namba ya simu ya familia, dini, idadi ya watoto, na saizi ya kiatu. Saizi ya kiatu sijui ilikuwa ya kazi gani. Fomu ililetwa hivyo, na mimi si mtu wa kufuta mistari ya watu.

Kila kitu kilichopita kwa keshia kiliingia kwenye Mfumo. Mfumo ni kompyuta iliyowekwa chumba cha nyuma, karibu na viroba vya ngano, chini ya uangalizi wa Ofisa Mifumo, Emiliana, binti msomi, mpole, ambaye sijawahi kumwona akicheka. Mfumo ukiona vitu unatoa hitimisho. Ukinunua ngano kilo kumi, una sherehe. Ukinunua dawa ya kichwa mara tatu kwa wiki, una ndoa. Ukinunua kufuli jipya, ndoa inakaribia mwisho. Kisha Mfumo unakupa daraja, kuanzia A, yaani mtu aliyenyooka, hadi E, yaani mtu asiyeeleweka, na unakutumia ujumbe wa pongezi, wa pole au wa punguzo la bei, kadiri hali yako ilivyobainika.

Mambo yalipokwenda vizuri kiasi hicho, Bodi iliona si haki kuyaacha yaishie dukani. Tukaamua kwamba hata vizimba vya soko la Manundu vigawiwe kwa daraja. Wenye A na B wabaki au wapewe. Wenye E watoke. Hoja ilikuwa kwamba mtu asiyeeleweka anaponunua hawezi kuaminiwa anapouza, na ilipita bila kupingwa, kwa sababu mjumbe aliyetaka kuipinga alikuwa ametoka kupokea simu.

Ndipo tulipofika kwa Hajira wa Mashewa.

Hajira ana miaka hamsini na sita na kwa miaka kumi na moja ameuza maharage katika kizimba namba ishirini. Mume wake, mzee Ramadhan, aliumia mguu na halimi tena. Mjukuu wao yuko kidato cha tatu. Chakula cha nyumba ile, daftari za yule mtoto na dawa za ule mguu, vyote vinatoka kizimba namba ishirini, na hakuna mahali pengine vinapotoka. Nalijua hilo kwa sababu lilikuwa kwenye faili. Hata wajumbe wa Bodi walikuwa wateja wake. Tangu kadi zianze walikuwa wakienda kununua maharage kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwao katika jambo lolote jingine.

Sasa kadi yake. Kwa mwezi mmoja kadi ya Hajira ilinunua nepi za saizi tatu, sanda, ubani, mishumaa ya kanisani, kanzu mbili, gauni la kipaimara, dawa ya minyoo ya ng'ombe, maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, chandarua cha mtoto, magongo ya mgonjwa, viatu vya saizi ya tano, ya nane na ya kumi na moja, rangi nyeusi ya nywele paketi nne, na mkanda wa kubana tumbo wa kiume, saizi kubwa kuliko zote zilizokuwapo. Mfumo ulihangaika naye siku tatu. Mwishowe ulihitimisha kwamba mama huyu ni mjamzito wa mapacha, ni mfugaji mkubwa, ni Mwislamu siku za kazi na Mlutheri Jumapili, na amefiwa mara nne. Ukampa daraja E na kumtumia ujumbe wa pongezi.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya familia, na simu ya familia hukaa mfukoni mwa mzee Ramadhan. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, na mguu wake. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa hakuna kanuni inayokataza. Akaniitikia marahaba, akakaa, akaweka simu juu ya muhuri wangu.

"Mwanangu," alisema, "kwa ajili ya mguu huu, mimi na mama tuna mwaka wa tano kila mtu na kitanda chake. Sasa hao mapacha naomba mnionyeshe mlipowatoa."

Nilimjibu kwamba swali lake ni la msingi na litafikishwa kwenye ngazi husika. Akaniuliza ngazi husika ni nani. Nikamwambia ni mimi, lakini si siku za Jumanne.

Hapa niseme ukweli. Mimi ni mzaliwa wa Mkumbara, na nalijua jambo hili tangu nanyonya. Mtu akienda mjini siku ya soko haendi peke yake. Usiku wa kuamkia safari majirani wanapita mlangoni mmoja mmoja: ukifika dukani niletee hiki, usisahau na kile, yule mtoto kiatu chake ni cha kipimo cha kijiti hiki. Mama yangu alikuwa akitumwa na nyumba kumi na tano, hana karatasi wala kalamu, na hakuwahi kukosea kitu. Jioni anagawa, kila kitu kimefungwa kwenye gazeti lake, anakipitisha mlangoni, anaondoka. Aliyetumwa hasemi alichotumwa. Mama yangu amekufa na siri za nyumba kumi na tano na sikuwahi kumsikia akizitoa hata moja, hata alipokuwa na hasira. Basi bei ya mgeni ilipoanza, watu wa Mashewa, kijijini kwake, ambao hawakutaka kumwambia keshia idadi ya watoto wao walimtuma Hajira kuliko zamani. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini kitu ninachokijua mimi mwenyewe si takwimu. Kingekuwa takwimu kingekuwa na mahali pake kwenye fomu.

Hajira alipewa siku kumi na nne aje kujieleza mbele ya Bodi, katika kikao cha wazi, ili wananchi wajionee haki. Akishindwa, kizimba namba ishirini kingekwenda kwa mnunuzi wa daraja A aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Mnunuzi huyo alikuwa Bi Agripina Semboja, mke wa Mwenyekiti, aliyekuwa na nia ya kuuza juisi. Orodha ya kusubiri ilikuwa na jina hilo tu, jambo lililorahisisha sana kupanga nani awe wa kwanza.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Watu wa Mashewa walikuja na basi la asubuhi, wakaketi nyuma. Bi Agripina aliketi mstari wa mbele, na mkoba wake magotini. Tulitundika shuka jeupe ukutani, na Emiliana akalimulika kwa projekta ili kadi ya mshitakiwa isomeke mpaka mlangoni. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba fupi ya dakika arobaini, akasema Mfumo haudanganyi, haupendelei na haujawahi kukosea, na akarudia hayo ya mwisho mara tatu ili niyaandike vizuri. Niliyaandika mara tatu.

Emiliana akaanza kusoma kitu kimoja kimoja. Nilitegemea watu wacheke. Hawakucheka. Kila kitu kiliposomwa, mtu mmoja kule nyuma aliinamisha kichwa. Iliposomwa sanda, mama mmoja alijifunika uso kwa kanga. Yaliposomwa magongo, mzee mmoja alianza kuzifunga upya kamba za viatu vyake, na viatu vyake havikuwa na kamba. Hajira alisimama mbele, mikono imeshikana, akitazama lile shuka. Hakugeuka kumtazama mtu hata mara moja.

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba Bodi haina ugomvi naye. Ataje tu kila kitu na mwenyewe, wapewe vyao kwenye kadi zao, naye atapanda hadi B na atabaki na kizimba chake.

"Vyote nimenunua mimi, Mwenyekiti," Hajira alisema.

Akaulizwa kama na dawa ya ng'ombe pia, ilhali hana ng'ombe. Akasema na dawa ya ng'ombe. Akaulizwa juu ya mkanda wa tumbo. Hapo mimi kama Katibu nilishauri tusipoteze muda kwenye mambo madogo, tukasonga mbele. Akaulizwa rangi ya nywele ni ya nani, wakati mvi zake zinaonekana pembeni mwa ushungi. Hajira alimtazama Mwenyekiti kichwani, kwenye zile nywele zake nyeusi ti, akatazama kwa muda, kisha akarudisha macho kwenye shuka.

"Nimenunua mimi."

Mwenyekiti alianza kukasirika. Alimwambia anajitia hasara kwa ajili ya watu ambao wapo humu humu ndani na hakuna hata mmoja aliyesimama kumtetea. Alimuuliza kama anaelewa kwamba kesho asubuhi hana mahali pa kuweka gunia lake. Hajira alisema anaelewa.

"Mtu akinituma amenituma mimi," alisema. "Hakunituma nije kumsoma ukumbini. Kama kizimba ni cha kuchukua, chukueni. Mjukuu wangu nitamweleza mwenyewe."

Nakiri hapo niliacha kuandika. Nilimwona mama yangu, na gazeti lake mkononi, mlangoni kwa watu. Kwenye muhtasari nimeeleza kwamba kalamu iliishiwa wino.

Tungeweza kuishia hapo. Kizimba kilikuwa kimekwisha patikana, na Bi Agripina alikuwa ameanza kuniuliza kwa ishara kama pale pana umeme wa mashine ya kusaga matunda. Lakini Mwenyekiti alikuwa amekataliwa na muuza maharage mbele ya ukumbi mzima, na kiongozi akikataliwa hadharani hatosheki na kushinda. Alimgeukia Emiliana, akamwambia kwamba kama mama huyu hasemi, Mfumo utasema. Akamwagiza aamshe kile kipengele kipya kilichoitwa Utambuzi wa Mnunuzi Halisi.

Emiliana aliuliza aanze na mnunuzi yupi.

"Anza na anayemtumia huyu mama kuliko wote," Mwenyekiti alisema. "Tumjue leo."

Mjumbe mmoja wa Bodi aliomba maji. Mwingine akaomba ruhusa. Mimi niliomba kikao kiahirishwe kwa sababu ya mvua, na jua lilikuwa kali. Mwenyekiti akatuketisha sote.

Hapa inabidi nieleze jambo lisilokuwamo kwenye muhtasari. Kadi zilipoanza, sisi wa Bodi tulikuwa wa kwanza kuzitumia, na tulikuwa pia wa kwanza kuona Mfumo unavyosoma watu. Tulikaa wiki mbili tukisoma habari za wenzetu, tukifurahi. Wiki ya tatu kila mmoja wetu, bila kumwambia mwenzake, akagundua kwamba anapenda maharage. Unakwenda kizimba namba ishirini, unapima kilo moja, na pamoja na noti unapitisha kikaratasi. Jioni unapokea maharage yako, na chini ya maharage kuna kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mwenyekiti naye, duka likiwa lake, hakuweza kuagiza kwa keshia wake vitu ambavyo Mfumo wake ungeviona. Mimi sikujua ya kwake, wala yeye hakujua ya kwangu, na aliamini wanaomtuma Hajira kuliko wote ni watu wa Mashewa. Hajira ndiye aliyejua yetu sote, na alikuwa amesimama mbele yetu akisubiri tumfukuze.

Emiliana alieleza, kwa sauti yake ile isiyo na ubaya, kwamba Mfumo hutafuta kadi iliyokuwa ikinunua kitu fulani, ikaacha ghafla, na wiki hiyo hiyo kitu hicho kikaanza kununuliwa kwenye kadi nyingine; na vitu vinavyonunuliwa pamoja nacho kila mara huhesabiwa kuwa ni vya mtu huyo huyo. Akabonyeza. Shuka likabaki jeupe kidogo, kisha maandishi yakatokea, makubwa, ya kusomeka mpaka mlangoni.

Mnunuzi halisi: Gerald Semboja. Vitu: rangi ya nywele, maziwa ya kopo, nepi ndogo, chandarua cha mtoto. Uhakika: asilimia tisini na saba.

Mwenyekiti alicheka, akasema ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Emiliana alimjibu kwa heshima kwamba haiwezekani, kwa kuwa Mfumo haujawahi kukosea, na akanitazama mimi nithibitishe. Nilifungua muhtasari. Ilikuwa imeandikwa mara tatu.

Emiliana akaendelea kueleza kwamba Mfumo ukimpata mwenyewe hurekebisha pia pongezi, ili zifike kwenye familia inayostahili. Mwenyekiti, siku ya uzinduzi, ili kuonyesha uwazi, alikuwa ameandikisha namba ya mke wake mbele ya waandishi wa habari. Mkoba wa mstari wa mbele ukalia. Bi Agripina akatoa simu, akavaa miwani, akasoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Hongera familia ya Semboja. Mtoto wenu sasa ametimiza miezi mitano. Fikeni tawi letu la Handeni mjipatie uji wa lishe kwa bei ya punguzo."



"Baba Catherine," Bi Agripina alisema, "mtoto wetu wa mwisho ni Catherine, na ana miaka ishirini na miwili. Handeni kuna nini?"

Mwenyekiti alifikiri. "Handeni kuna tawi," alisema.

Bi Agripina alivua miwani, akairudisha kwenye mkoba, akasimama. Kabla ya kutoka alimwambia Hajira amsamehe, kizimba hakitaki tena, maana kuanzia leo atakuwa na shughuli nyingine. Hajira alimwambia pole mama, na alimaanisha.

Emiliana akauliza kama aendelee na mnunuzi halisi wa pili. Alikuwa ameshaweka kidole. Nilisimama kwa kasi ambayo umri wangu na tumbo langu haviniruhusu, nikatoa hoja ya dharura kwamba manunuzi ya mtu ni siri yake, kwamba ni mwiko kuyasoma, kuyapima, kuyapanga kwa daraja au kuyatangaza, na kwamba Mfumo uzimwe papo hapo na vizimba vyote vibaki kwa wenyewe. Wajumbe walinyoosha mikono kabla sijafika nukta. Mmoja alinyoosha yote miwili. Haki hiyo, ambayo wananchi waliililia miezi saba na tukawaambia inahitaji utafiti wa kina, ilipatikana kwa dakika moja na nusu.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kizimba namba ishirini kumkabidhi Hajira barua ya kuthibitishwa, yenye mihuri miwili. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wajumbe watatu, na nyuma yao Mwenyekiti, amevaa kofia, maana mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia chini ya rangi. Wote walikuwa wamepata hamu ya maharage. Nilimpa barua, na chini ya barua nikapitisha kikaratasi changu, kwa kuwa ule mkanda ulikuwa umekatika nilipotoa hoja.

Hajira alisoma barua yote. Kile kikaratasi hakukifungua. Alikirudisha mkononi mwangu, akanipimia maharage yangu kilo moja, sawasawa, na nyongeza ya kiganja kama anavyomfanyia kila mteja.

"Katibu, watu wa Mashewa nitawabebea mpaka nife," alisema. "Siku ile nyie mlikaa mezani, kila mmoja na chake kwenye kadi yangu, mkanyamaza. Nendeni wenyewe. Duka si lile pale?"

Tulikwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyetupisha. Mwenyekiti alifika kwa keshia kabla yangu, akaweka nepi, maziwa ya kopo na rangi ya nywele juu ya meza ya duka lake mwenyewe. Keshia akavigeuza kimoja kimoja kutafuta bei, bila haraka, huku watu wa Manundu wakinyoosha shingo. Nami nilikuwa nyuma yake, nimekumbatia mkanda saizi kubwa kuliko zote, nikisubiri zamu yangu.